Je, upweke wa Zac Hobson unakwisha Joanne anapotokea?

Swali
Anayekusudia kuitazama The Quiet Earth kwa mara ya kwanza asiendelee kusoma, kwa kuwa nitaigusa hadi mwisho wake. Filamu hii ya New Zealand ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Geoff Murphy, inamwonyesha mwanasayansi Zac Hobson akiamka na kukuta saa zimesimama kwenye saa 12 na dakika 12 asubuhi, na watu wametoweka. Kwa muda mrefu Bruno Lawrence, mwigizaji wa Zac, anaibeba filamu peke yake: anahamia jumba la kifahari, anavaa gauni la ndani, anajitangaza rais mbele ya umati wa picha za kadibodi, kisha anaingia kanisani na bunduki kumtafuta Mungu. Halafu anatokea Joanne, baadaye Api, na iliyokuwa tafakuri juu ya upweke inageuka kuwa kisa cha wanaume wawili wanaomgombea mwanamke mmoja. Je, mwongozaji aliishiwa, au kuna jambo ambalo sijaliona?

Jibu la kwanza
Ndugu, nadhani unauhesabu upweke kwa idadi ya watu. Zac alikuwa mpweke hata kabla dunia haijawa tupu, kwani alishiriki katika mradi wa kuizungushia dunia mtandao wa nishati, akautilia shaka, akanyamaza, na usiku ule akameza vidonge ili afe. Ndiyo maana alinusurika, kwa sababu waliobaki ni wale tu waliokuwa wakikata roho wakati uleule mradi huo ulipowafanya watu watoweke. Joanne anapofika, Zac anapata mtu wa kula naye na kulala naye, lakini siri yake inabaki palepale. Kwangu mimi, hapo ndipo upweke unapokuwa mzito zaidi, kwa sababu sasa ana mtu wa kumficha.

Jibu la pili
Ninakubaliana na hoja ya hatia, ila haiiondolei filamu lawama. Watu watatu katika dunia iliyohamwa tulikwisha kuwaona katika The World, the Flesh and the Devil ya mwaka 1959, ambamo Harry Belafonte anatembea peke yake ndani ya New York, na humo pia mvutano ulihusu mwanamke pamoja na rangi ya ngozi. Murphy anamleta Api, ambaye ni Mmaori, na mvutano huo unapata uzito wa nchi yake mwenyewe. Joanne, hata hivyo, hapewi upweke wake. Naye aliishi siku hizo peke yake, lakini hatuonyeshwi hata moja. Tunampokea akiwa tayari ni jibu la matatizo ya Zac.

Muuliza swali
Hoja ya siri imenishawishi. Basi lile lori la vilipuzi la mwishoni, la kulipua kituo cha mradi ule, tulielewe vipi? Je, Zac anajitoa mhanga kwa ajili ya wenzake?

Jibu la kwanza
Kwa sehemu tu. Api ndiye aliyejitolea kuliendesha, na Zac akamtangulia kwa siri wakati Api na Joanne wakiwa pamoja. Anaweza kuwa amewaokoa, lakini kwa mara ya pili ameamua kufa bila kumweleza mtu yeyote, sawasawa na alivyofanya na vidonge. Siioni ajabu kwamba anapozinduka ufukweni, chini ya sayari yenye pete, yuko peke yake tena.