Mjadala: Mpiganaji achoke kwa hesabu, au tufumbe macho?

Wadau, hili linagawa meza nyingi za michezo ya kuigiza wahusika, ile ya dadu na karatasi. Mtu kavaa deraya nzito, anazungusha upanga raundi ishirini, na mkono wake bado mwepesi vilevile. Kanuni zimchoshe au zimwache?

Mimi nasema achoke, ila hesabu ifanyike mara moja tu, pambano likiisha. Mchezo wa RuneQuest, toleo la tatu (1984), ulikwenda njia nyingine: jumlisha nguvu na afya, toa uzito wa mizigo, kisha kata pointi moja kila raundi. Ukishuka chini ya sifuri, kila pointi inakula asilimia moja ya ustadi wako. Kwenye kitabu ni haki tupu. Mezani ni balaa: wachezaji watano, majambazi wanane, mwongoza mchezo anafuta na kuandika mpaka karatasi inatoboka.

GURPS, mchezo mwingine wa aina hii, wana ustaarabu zaidi. Pambano likizidi sekunde 10, mwishoni unalipa pointi 1 ya uchovu kama huna mzigo, 4 kama mzigo ni mzito. Mwenye pointi 10 akipigana mara mbili na chuma chake chote anabaki na 2. Hapo ameshashuka chini ya theluthi, kwa hiyo mwendo, kukwepa na nguvu vinakatwa nusu. Ndipo mtu anaanza kujiuliza kama deraya ile ina maana pangoni. Mimi nautaka huo uamuzi.

Mdau wa kwanza: Unamtoza mtu mara mbili. Mchezo wa Dungeons & Dragons unasema wazi kwamba pointi za uhai ni pamoja na ustahimilivu wa mwili na akili, nia ya kuishi na bahati. Aliyepoteza 30 ameshachoka huyo! Halafu raundi ni sekunde 6. Raundi nne ni sekunde 24, nani anachoka hapo?

Mleta mada: Vaa chuma, mtu akutafute roho, kisha uniambie kuhusu hizo sekunde 24. Na pointi za uhai zinapungua ukipigwa. Anayefyeka hovyo bila kuguswa halipi hata senti.

Mdau wa pili: Mbona hamuulizi nani anaumia? Kwa kanuni za Dungeons & Dragons za 2014, Berserker (mpiganaji anayepigana kwa hasira) akipandisha wazimu wa vita, hasira ikiisha anabeba ngazi moja ya uchovu. Ngazi ziko 6, ya sita ni kifo, na kulala usiku kucha kunaondoa moja tu. Akifika ya tatu, kila shambulio anatupa dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Mchawi mwenye uchovu uleule anarusha mpira wa moto raha mustarehe, maana anayetupa dadu ni adui anayekwepa. Toleo la 2024 limemwondolea Berserker adhabu hiyo, na sawa kabisa.

Mleta mada: Hapo kwa mchawi umenibana. Ila GURPS inamtoza pia: uganga unalipiwa kwa pointi zilezile za uchovu.

Mdau wa pili: Basi mtoze kwanza mchawi, halafu njoo kwa mwenye upanga.