Ulinganisho: njia ipi ni salama zaidi kukata bodi za saketi nyumbani?

FundiRedio
Ndugu wanajukwaa, ninatengeneza vikuza sauti katika chumba cha uani, na hununua bodi kubwa tupu ya FR-4 yenye unene wa milimita 1.6, kisha nikaikata vipande kwa msumeno wa chuma. Jumamosi nilikata vipande 6 mfululizo bila barakoa, na usiku mikono ikaniwasha kuanzia viganjani hadi viwikoni huku koo likinikereketa. Je, ninunue drili ndogo yenye kisahani cha almasi, au nijifunze kukwaruza na kuvunja? Watoto wangu hulala chumba cha pili.

BiSaketi
Pole sana, kaka. FR-4 ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa gundi ya epoksi, na meno ya msumeno huzisaga nyuzi hizo zikawa vumbi linalowasha ngozi, macho na njia ya hewa. Kisahani usikikimbilie: hukata upesi, lakini huzunguka maelfu ya mara kwa dakika na kurusha vumbi laini linaloelea chumbani muda mrefu.

Mimi hukwaruza. Bana rula ya chuma juu ya bodi, kisha upitishe kisu cha kukwaruzia plastiki kwenye mstari uleule mara 8 au 10, mpaka shaba ikatike na weupe wa kioo uonekane. Geuza bodi ufanye vivyo hivyo upande wa pili, mistari ikabiliane sawasawa. Laza mstari juu ya ukingo wa meza, vaa glavu na miwani, ukandamize kwa kiganja. Ikigoma, rudi ukwaruze, maana bodi iliyolazimishwa hupasuka pale usipopataka. Unga mchache unaobaki ufute kwa kitambaa kibichi.

Mzee wa Jiliwa
Nakubaliana na dada, ila kukwaruza hakusaidii panapohitajika kona ya ndani au ukanda mwembamba sana, kwa kuwa hapana pa kushika wakati wa kuvunja. Hapo msumeno bado una kazi: tumia wembe wa meno 32 kwa inchi, bana bodi kwenye jiliwa (kibano cha mezani) katikati ya mbao mbili, ulowanishe mstari kwa maji na uvae barakoa ya FFP2, yaani ya kuchuja vumbi laini, kwani ya kitambaa haizuii vumbi hilo. Kioo hula meno ya chuma haraka, kwa hiyo uwe na wembe wa akiba.

Mwanafunzi_Umeme
Mkasi wa mabati je? Hauna vumbi.

Mzee wa Jiliwa
Mwanangu, tazama ukingo wa bodi iliyokatwa kwa mkasi: utaona mabaka meupe, ndipo matabaka yalipoachana. Mashine ya kukatia yenye wembe mrefu wa mkono ndiyo hukata vizuri bila vumbi jingi, lakini bei yake ni ya karakana kubwa.

FundiRedio
Asanteni. Nitakwaruza. Na kingo zenye ncha nizisugueje?

BiSaketi
Laza msasa namba 400 juu ya kioo cha dirisha, umwagie maji, usugue ukingo taratibu, kisha ufute tope kabla halijakauka, kwani likikauka hurudi kuwa vumbi. Usifagie wala usipulize. Mikono ioshe kwanza kwa maji baridi na sabuni bila kuisugua, na shati la kazi lifuliwe mbali na nguo za watoto.