Wagombea udiwani wawili, wote watu wa watu: tuwapime kwa kitu gani?

Mama Vichanja
Habarini wana jamvi. Naandika kwa niaba ya akina mama wenzangu tunaokausha dagaa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapofikia, Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Kata sitaitaja, wahusika wanafahamika na sijawaambia kama naandika huku.

Kiti cha udiwani kata yetu kiko wazi na uchaguzi mdogo unakuja. Tumezoea wagombea tunaowaona wakati wa kampeni tu. Safari hii wamejitokeza wawili, kila mmoja na chama chake, na wote ni watu wetu kwelikweli.

Mmoja ni mama, muuguzi mstaafu. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, mlango unaogongwa ni wake. Ziwa Tanganyika lilipopanda maji yakaingia majumbani, alipita nyumba kwa nyumba akiomba watu wawapokee wenzao, na sebuleni kwake walilala watoto wa jirani hadi maji yalipopungua.

Mwingine ni kijana, katibu wa kikundi cha usafi hapa mwaloni. Ana kaunta buku lake. Kila Jumamosi anasimama mbele ya watu anasoma mapato na matumizi kwa sauti, mpaka elfu mbili ya fagio na duka liliponunuliwa. Kabla yake hela ya usafi tulikuwa tunatoa na hatujui inaishia wapi.

Wote wameomba kuja kuongea na kikundi chetu. Wanachama wamegawanyika, na wapo wanaosema mama asubiri viti maalum, kata amwachie kijana. Mimi ndiye katibu, kikao natakiwa kukiandaa mimi. Naombeni ushauri, watu wawili wema unawapima kwa kitu gani?

Mzee wa Rubuga
Mwakeye mama. Nimekuwa mtendaji wa kata miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Wema wao mmeshauona, hauhitaji kikao. Kikao kitumieni kuwapima kwa kazi yenyewe. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji ni katibu wake. Hapo ndipo mahitaji ya mitaa yanapangwa kabla hayajaenda manispaa. Diwani asiyeitisha kamati, au anayeitisha na kuongea peke yake, kata yake inaingia kwenye bajeti bila kitu.

Kisha kuna Baraza la Madiwani, linakaa kila robo mwaka, na kamati zake za kudumu. Makabrasha yanakuja mazito, tena yanafika siku zimebaki chache. Mkurugenzi na wakuu wa idara ni wasomi, wanajua kueleza. Nimeona mtu anayependwa sana mtaani akikaa kimya toka dua ya kufungua hadi ya kufunga, kwa sababu hakusoma. Na nimeona mama wa darasa la saba amepigia mstari ukurasa mmoja tu, akauliza swali moja kuhusu zahanati, idara nzima ikaanza kupekua mafaili.

Ushauri wangu: tafuteni taarifa ya mapato na matumizi ya manispaa, kila mgombea apewe nakala yake siku tatu kabla. Siku ya kikao muulizeni angehoji nini humo ndani. Muuguzi amezoea rejista na kijana amezoea buku lake, wote wana pa kuanzia.

Binti Buhanda
Dada, hilo la viti maalum likatae mapema. Viti hivyo vinagawanywa kwa vyama baada ya uchaguzi mkuu. Kwenye uchaguzi mdogo wa kata moja hakuna kiti maalum kinachomsubiri mtu, kwa hiyo wanaomwambia asubiri wanamwambia asigombee. Viliwekwa ili wanawake waongezeke barazani, havikuwekwa ili mwanamke akitaka kata aelekezwe mlango mwingine. Mpimeni sawasawa na kijana.

Mnyamwezi wa Isevya
Salaam kutoka Tabora. Sisi mtaani kwetu tuliwahi kukaa na wagombea, tukawauliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, na kijana mmoja akaandika majibu. Lililotusaidia zaidi lilihusu barabara. Mmoja aliahidi kutuchongea barabara akichaguliwa. Tukamuuliza barabara za mitaa zinasimamiwa na nani. Hakujua kwamba tangu 2017 ziko TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mwenzake alijua, akasema atakachoweza ni kuibana TARURA barazani na kuhakikisha kata inaiweka barabara hiyo kwenye vipaumbele. Ahadi ilikuwa ndogo lakini ilikuwa ya kweli.

Kitu kingine: diwani hana fungu lake la maendeleo. Mfuko wa jimbo anasimamia mbunge. Akiahidi kujenga kwa hela yake, muulizeni ataitoa wapi.

Fundi Boti
Naongezea hapo kwenye hela. Hawa wawili hawana kitu, sawa? Sasa spika, fulana na mafuta ya bodaboda analipa nani? Mtu mwema anaweza kuingia barazani akiwa na deni la mfanyabiashara, na deni hilo litakuja kulipwa kwa kiwanja au zabuni. Waulizeni waziwazi, majibu yaandikwe. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ipo tangu 2010, mgombea anatakiwa kutaja alichopata na alichotumia.

Na nyie akina mama msipokee khanga wala kreti ya soda siku hiyo. Takrima, yaani wagombea kuwakirimu wapiga kura, ilishafutwa na Mahakama Kuu 2006. Mkipokea, mmejinyima haki ya kuuliza.

Mama Vichanja
Asanteni sana, ndugu zangu. Mzee, nakala ya taarifa hiyo naipata wapi? Halafu kuna jambo linatusumbua. Wenzangu wanasema mgombea akitoka chama chenye madiwani wachache hatasikilizwa, hata awe mzuri vipi.

Mzee wa Rubuga
Anza ubao wa matangazo ofisi ya kata, mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa. Usipoikuta muombe mtendaji, andika barua yenye muhuri wa kikundi.

Kuhusu chama, hofu yao ina msingi. Mgombea binafsi kwetu hakuna, kila diwani anaingia na chama, na madiwani wa chama hukutana kabla ya baraza kukubaliana msimamo. Kwa hiyo waulizeni wote wawili: siku chama chako kikisema hivi na kata ikasema vile, utafanyaje? Atakayejibu haraka kwamba haitatokea, hajafikiria. Ila kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata diwani ni mwenyekiti hata akiwa peke yake wa chama chake, na swali zuri barazani linaingia kwenye muhtasari bila kujali limeulizwa na nani.

Binti Buhanda
Msisahau jambo lenu wenyewe! Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Na 2024 ziwa lilifungwa, uvuvi ukasimama, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Wenye boti walisemewa. Wanaokausha je? Diwani hafungui ziwa, ila anaweza kudai barazani kwamba marejesho ya mikopo ya akina mama yasianguke miezi ambayo hakuna dagaa. Wapeni wagombea jambo hilo hilo moja, kila mtu aeleze atalipeleka kamati gani na atasema nini.

Mama Vichanja
Hilo limenigusa, kwa sababu miezi ile vichanja vyetu vya kukaushia vilibaki vitupu na vikao vya marejesho viliendelea. Nimeandika: taarifa ya mapato na matumizi, gharama za kampeni, chama dhidi ya kata, na mikopo wakati ziwa limefungwa. Wote watakuja siku moja, mbele ya watu wale wale, na soda tutanunua wenyewe. Kesho asubuhi naanzia ofisi ya kata.

Fundi Boti
Na atakayeshindwa mumuombe aingie kwenye kamati za mtaa au bodi ya shule. Kata yenye watu kama hao wawili isikubali kubaki na mmoja.