Aliyeasiliwa aone cheti chake cha kwanza au mama alindiwe siri?

Mleta mada: Wadau wa Marekani, mtoto akiasiliwa huku, cheti chake cha kuzaliwa kinafungiwa, anaandikiwa kingine chenye majina ya wazazi wapya. Minnesota wamefungua tangu Julai 2024: ukitimiza miaka 18 unaomba, unapewa. Mama anaweza kuacha maandishi kwamba hataki kutafutwa, lakini cheti hawezi kukizuia. Mimi naona sawa. Nyie?

Mzee wa Columbus: Sawa nini? Binti aliahidiwa siri, leo ana mume na wajukuu, mara jitu zima linabisha hodi. Alimtoa mtoto kwa hiari yake, aachwe.

Chausiku: Kwa hiari! Nimecheka. Florida mama anaruhusiwa kusaini saa 48 baada ya kujifungua, au hata kabla ya hapo hospitali ikisema yuko fiti kutoka. Akishasaini ndo imetoka hiyo, labda athibitishe alilaghaiwa au alishurutishwa. Maziwa yenyewe hayajashuka.

Mzee wa Columbus: Sijazungumzia saa mimi. Na faili Marekani nzima zimefungwa, hao Minnesota ni wa kuhesabu.

Fundi Bomba: Nzima ipi, mzee? Kansas na Alaska hawajawahi kuwafungia. Oregon walipiga kura 1998. New York 2020. Hapo Ohio ulipo wewe walifungua 2015 kwa walioasiliwa kati ya 1964 na 1996. Halafu siku hizi mtu anatema mate kwenye kichupa cha DNA, wiki kadhaa binamu huyo. Siri ipi unailinda?

Mzee wa Columbus: Haya mafaili ni mambo ya Wazungu. Kwetu mtoto analelewa na shangazi, mama yake anamjua, hakuna hakimu wala cheti. Raha mustarehe.

Chausiku: Raha ya nani? Mtoto huyo ni mimi. Saa kumi alfajiri niko bombani na ndoo, binamu zangu wanaamshwa na chai. Ridhaa ya mama ilichukuliwa sebuleni na kaka zake, yeye yuko jikoni anasonga ugali. Mimi niliambiwa panda basi.

Mpwani: Pole dada, ila usiwapakaze mashangazi wote. Mimi nimelelewa na mama mdogo Tanga, nikasoma mpaka chuo. Na sisi Waislamu mtoto wa kulea anabaki na jina la baba yake, hana cha kufichwa.

Chausiku: Na mimi jina nilibaki nalo. Ada ndiyo haikuonekana.

Mpwani: Sasa hasira za shangazi yako unatumalizia sisi?

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mada. Na baba je? Ohio kuna daftari la wanaume wanaodhani wana mtoto. Asipojiandikisha ndani ya siku 15 tangu mtoto azaliwe, ridhaa yake haidaiwi. Mahakama ya Juu ilishaibariki sheria ya namna hiyo ya New York, kesi ya Lehr, 1983.

Fundi Bomba: Siku 15? Kuna wanaume mimba yenyewe wanaisikia mtoto anatambaa.

Mzee wa Columbus: Chausiku mwanangu, huyo shangazi yu hai?

Chausiku: Yupo, shikamoo mzee. Na kila mwisho wa mwezi anapokea hela yangu.

Mpwani: Ehee! Kama alikuonea, unamtumia ya nini?