Safari moja, nauli tatu: daladala za Gongo la Mboto na uhuni wa kukatisha ruti

Wanajamvi, salaam.

Jana, hapa Dar es Salaam, nilitoka kituo cha Mawasiliano saa kumi na mbili kasorobo jioni, nikafika Gongo la Mboto saa tatu na dakika ishirini usiku, na katika safari hiyo moja nimelipa nauli mara tatu. Asubuhi, kwa njia ileile, nilikuwa nimelipa shilingi 800. Jioni zimenitoka 1,800, na sikupitia kwingine wala sikuwa na shughuli njiani. Nilikatishiwa ruti mara mbili.

Basi la kwanza lilikuwa limeandikwa mbele, kwa herufi zinazosomeka hata na aliyesahau miwani nyumbani, kwamba linakwenda Gongo la Mboto, na mstari wa rangi ya ruti hiyo ulikuwa umelizunguka ubavuni. Nilimpa konda shilingi 800, akanirudishia 200 bila maelezo, nami kwa ujinga wangu nikadhani leo nimekutana na muungwana. Tulipoipita External, noti zote zikiwa zimeshapangwa katikati ya vidole vyake, ndipo akatangaza kwamba gari linaishia Buguruni. Kelele zilipigwa, dereva akaongeza sauti ya redio, na Buguruni tukashushwa kweli.

Kilichoniuma zaidi kilitokea hapo hapo kituoni. Hazikupita dakika kumi, basi lilelile lilizunguka, likarudi mbele yetu likiwa tupu, na konda yuleyule ananing'inia mlangoni akiita "Gongo la Mboto! Gongo la Mboto!" kana kwamba hajawahi kutuona. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na kiroba cha mchele alimuuliza, "Mwanangu, si wewe umetushusha sasa hivi?" Akajibiwa kwamba hiyo ilikuwa safari nyingine. Binti wa shule tuliyekuwa naye tangu Ubungo aliwekewa mkono mlangoni, akaambiwa wanafunzi wametosha, ingawa ndani hakuwamo hata mmoja. Nauli yake ni 200, na jioni kiti chake kina mteja wa 600. Tulipanda, tukalipa upya, na basi hilo likatuacha tena Uwanja wa Ndege.

Najua nitaambiwa kisingizio ni foleni. Foleni ipo, siikatai. Mkoa huu ulihesabiwa watu milioni 5.38 katika sensa ya 2022, na Barabara ya Mandela inabeba malori ya bandarini pamoja na sisi. Lakini tulipata daraja la juu la Tazara mwaka 2018, tukapata la Ubungo mwaka 2021, na mchezo wa kukatisha ruti haujapungua, kwa sababu chanzo chake ni hesabu. Mwenye gari anataka kiasi chake kila siku bila kujali barabara imelala au imefunguka. Dereva wengi hawana mkataba wa maandishi, na wengine ni deiwaka tu waliopewa gari kwa siku hiyo. Kwa mtu wa namna hiyo, kila dakika anayokaa kwenye foleni na abiria waliokwisha kulipa ni hasara, na dawa yake rahisi ni kuwashusha na kuanza upya. Namwelewa, lakini kumwelewa si sababu ya mimi kumlipia hesabu ya bosi wake.

Nauli ya chini ilipopandishwa kutoka shilingi 500 hadi 600 mwishoni mwa mwaka 2023, tulinung'unika kisha tukalipa, kwa kuwa bei ya mafuta tuliiona kwa macho yetu. Hii ya jioni haijatangazwa na yeyote, haina tiketi, nayo inamkamua zaidi anayekaa mbali zaidi. Tena kuna wenzetu waliokwisha kukubali yaishe, ambao siku hizi hugeuza na gari: wanalipandia kituo cha nyuma likiwa linakuja, wanalipa nauli ya kwenda mwisho na ya kurudi, ili mradi wapate siti. Tumefika mahali abiria ananunua haki ya kukaa kwa kusafiri kwanza kinyume cha nyumbani kwake!

Na tafadhali, asije mtu hapa kutuambia tusubiri mwendokasi. Mabasi hayo yalianza kwenye Barabara ya Morogoro mwaka 2016, na waliokuwa wakienda mjini walipumua kidogo. Sisi tunaokatiza jiji kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kugusa Kariakoo bado tuko mikononi mwa daladala. Ushauri wa bodaboda nao ubaki huko huko. Kutoka Buguruni hadi kwangu anataka fedha inayotosha mboga ya siku mbili.

Ninachodai hakihitaji bajeti. Leseni imetolewa kwa ruti nzima, na sehemu ambazo magari yanageuzia zinajulikana hata na watoto, hivyo wasimamizi wa usafiri na askari wa barabarani wakae Buguruni na Uwanja wa Ndege kuanzia saa kumi na moja jioni, badala ya kukagua saa nne asubuhi wakati hakuna anayekatisha. Faini aandikiwe mwenye gari, kwani akiandikiwa konda inaongezwa kwenye hesabu na tutailipa sisi. Na kondakta anayetangaza mwisho wa safari kabla ya mwisho wa ruti arudishe nauli yote, si shilingi 200.

Namba ya basi lile ninayo, nimeishaipeleka panapohusika leo asubuhi. Wa Mbagala, Bunju na Chanika, andikeni hapa yenu yanageuzia wapi na saa ngapi, ili nikirudi kuulizia jibu niende na orodha.