Tupeane uzoefu: uliyewahi kusaidiwa na serikali kuhifadhi shamba huku kukavu, ilikuwaje?

Mzigua wa Mkata
Wakuu, habari za vuli? Huku Handeni mvua imenyesha siku nne ikakata, mahindi yamekauka yakiwa na majani matatu. Basi nimeona tuzungumze, ila siasa tuiweke kando. Ulipata nini, ulidaiwa ufanye nini kwanza, na mradi ulipoondoka kilibaki nini shambani?

Naanza mimi. Kijijini kwetu tulichimba lambo kwa kazi za ajira ya muda, zile za walengwa wa kunusuru kaya maskini. Mlengwa ni mama, lakini aliyeshika sururu ni mimi. Masika lilijaa mpaka bata wa mwitu wakatua, na watoto tukawakataza kuoga. Tulichosahau ni upande wa juu. Ng'ombe wanashuka kunywa palepale maji yanapoingilia, na kila mvua udongo unateremka nao. Mwaka wa tatu ukisimama katikati, tope linakufika magotini.

Sasa nani alizoe? Ukiuliza viongozi, lambo ni la mradi. Mradi umefungwa. Ukiwauliza wachimbaji, "posho iko wapi?" Na mimi ni mmoja wao, sijifichi.

Bibi Alinilea Mlalo
Mkuu, hilo la posho lina ukoo. Kwetu Mlalo wakoloni walikuja mwaka 1946 na mpango wao wa kuokoa udongo: chimba matuta mlimani, usipochimba unashtakiwa. Wazee walichimba huku wananung'unika, ubishi ukakua, na miaka ya hamsini haijaisha mpango ukafa. Bibi hadi anazeeka, ukitaja "matuta" anasonya.

Halafu mwaka 1981 ukaja SECAP, mradi wa serikali yetu na Wajerumani. Nao wanahubiri udongo uleule! Ila hawa walikuja na majani ya guatemala ya kupanda kwenye makinga maji, na wakasema ng'ombe afungwe zizini alishwe hayohayo. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja. Akapanda mstari mmoja kuwajaribu. Alipoona hapandi tena mlima kutafuta majani, akaongeza mitatu bila kuambiwa na mtu.

Pwani Kavu
Lushoto nako kukavu? Nyie mna ukungu bwana.

Bibi Alinilea Mlalo
Shuka Mng'aro siku moja saa saba mchana, halafu urudi hapa utuambie.

Shangazi wa Mombo
Wanangu, mimi ni ruzuku ya mbolea, ile iliyoanza msimu wa 2022/23, mfuko wa DAP au urea ulikuwa shilingi 70,000. Unajiandikisha kijijini, namba inakuja kwenye simu, unakwenda nayo kwa wakala. Mimi nilijiandikisha kwa simu ya mwanangu aliyeko Dar, kwa sababu yangu ilikuwa haishiki chaji. Nimefika kwa wakala na nauli yangu ya bodaboda, mwanangu yuko shifti ya usiku, mchana amelala, simu amezima. Nikarudi mikono mitupu. Kosa langu, simlaumu mtu. Mbolea nilipata wiki iliyofuata, mvua ikawa imekwenda zake. Mfuko nikaufungia chumbani mpaka masika. Maana mbolea kwenye udongo mkavu ni kuunguza mahindi tu.

Dada wa Mkinga
Sisi tulikopa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato: wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili. Haina riba. Tukanunua pampu na mipira ya kumwagilia bamia. Wenzetu wawili wakahama kijiji, deni lao tukalibeba tuliobaki. Mkiunda kikundi angalieni nani ana mizizi. Tanga hii, waja leo waondoka leo.

Mtanga Ughaibuni
Niko New Mexico, nafanya kazi kwenye shamba la pilipili. Huku mvua ni hadithi. Wana idara ya serikali ya kuhifadhi udongo tangu 1935, enzi zile dhoruba za vumbi zilipowafukuza watu mashambani. Kuna mpango unaitwa EQIP. Bosi wangu alitaka kuacha mifereji aweke mabomba ya matone. Mtaalamu akaja kuchora ramani, mkataba ukasainiwa, bosi akajenga kwa pesa zake, wakaja kukagua, ndipo wakamrudishia sehemu ya gharama. Wanaoanza kilimo na wasio na uwezo huweza kupewa kiasi mapema. Ila ole wako uanze kuchimba kabla ya kusaini, hupati kitu. Jirani yetu alikuwa na haraka, mpaka leo analisimulia kwa uchungu.

Pwani Kavu
Kumbe. Sisi posho kwanza, ukaguzi siku ya mgeni rasmi.

Mzee wa Fremu
Vijana, msaada nilioupata mimi hauna risiti. Bwana shamba alikuja na pikipiki, akakata fito tatu kwenye uzio wangu, akafunga herufi A, miguu mita mbili, juu akaning'iniza kamba yenye jiwe. Akaisimamisha, akatia alama kamba inapogusa fito ya kati. Akageuza miguu, mguu huu pale ulipokuwa ule, akatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo, akasema, ndipo usawa. Tukatembea nayo shamba zima, kamba ikitulia katikati nachomeka kijiti. Nilidhani mteremko wangu naujua, nimezaliwa hapohapo. Vijiti vikapinda kama nyoka, vikapita mahali nisipotarajia kabisa. Nikachimba nikifuata vijiti, udongo natupa juu. Mwaka huu mahindi ya mistari ya chini bado yana rangi.

Mzigua wa Mkata
Shikamoo mzee. Fito ninazo, na juu ya lambo pale patatosha mistari miwili. Jiwe liwe zito kiasi gani?

Mzee wa Fremu
Marahaba. Betri ya redio iliyokufa inatosha. Ila upepo ukivuma, subiri.