Dawa ya choo imechanganywa na jiki, nyumba nzima tukakohoa: naomba ufafanuzi

MamaWawili

Habari za jioni ndugu zangu. Tunaishi katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja cha ndani kinachotumiwa na familia tatu, na usafi tunaufanya kwa zamu. Jana zamu ilikuwa ya jirani yetu, ambaye alikuta uchafu wa manjano umegandamana kwenye sinki la choo. Akamimina dawa ya choo, ile nzito ya bluu, na alipoona madoa hayatoki upesi akaongeza jiki juu yake bila kumwaga maji kwanza. Haukupita muda mrefu akatoka mbio akikohoa huku machozi yakimtiririka, na mwanangu wa miaka mitatu aliyekuwa akicheza koridoni akaanza kukohoa kwa kubanwa. Tulifungua madirisha yote tukakaa nje hadi hewa ikatulia.

Jirani anashikilia kwamba harufu kali ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi, na kwamba siku zote huchanganya hivyo. Naomba anayejua anieleze ni kitu gani hasa kilichotokea, na kama nifanye lolote kuhusu mtoto, maana usiku wa kuamkia leo bado alikuwa anakohoa. Vilevile jiki yetu huwa tunapimiwa dukani na kutiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, haina lebo yoyote. Je, kuna namna salama ya kuitunza, au tuache kabisa kuinunua?

Mwalimu_Kemia

Dada, kabla ya maelezo, mtoto apelekwe kituo cha afya leo. Naamini wauguzi waliomo humu watakueleza sababu. Mimi nitajibu kile cha kwanza.

Jiki ni maji yaliyotiwa hipokloriti ya sodiamu, na ile ya nyumbani kwa kawaida huwa na asilimia 3 hadi 6 ya dawa hiyo. Dawa nyingi za choo za kuondoa madoa ya manjano na magadi yaliyoganda zina tindikali, mara nyingi ya haidrokloriki. Tindikali ikikutana na hipokloriti, klorini iliyokuwa imefungwa ndani ya maji inafunguka na kutoka ikiwa gesi. Hiyo ndiyo gesi iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Sitaji vita ili kukutisha, kwa sababu kiasi kinachotoka chooni ni kidogo mno ukilinganisha na kile. Nataka tu jirani yako ajue kwamba alichokinusa hakikuwa harufu ya usafi. Tena dawa hizo mbili zikichanganyika huharibiana: jiki iliyogeuka gesi haiui vijidudu tena, na tindikali iliyotumika kuifungua haiondoi madoa. Kwa hiyo amepata sumu na choo hakikusafishika.

Kuna jambo moja ambalo watu hawalifikirii. Klorini ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hushuka na kutambaa sakafuni. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuvuta kidogo wakati mtoto aliyekaa chini koridoni anavuta zaidi. Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitali tuliyoizoea wakati wa UVIKO-19, haizuii gesi hata kidogo.

Si dawa ya choo peke yake iliyo na hatari hiyo. Siki na maji ya limau ni tindikali pia, na asidi ambayo mafundi wa vigae huitumia kuondoa saruji iliyoganda ni kali kuliko zote hizo. Upande mwingine kuna amonia, ambayo hupatikana katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo na pia katika mkojo uliokaa. Jiki ikikutana na amonia hutoa kloramini, nayo huwasha macho na kifua. Ndiyo maana choo cha shimo kilichojaa mkojo, ukikimiminia jiki nyingi kwa mkupuo, hukufukuza mwenyewe.

Kwa choo chenu, mtumie dawa moja kwa siku moja. Ikiwa ni lazima zitumike zote mbili, ile ya kwanza isuguliwe, imwagiwe maji mengi hadi iishe kabisa, na ya pili ingoje siku nyingine. Na iwapo mtu ameshachanganya, asijaribu kurekebisha kwa kuongeza kitu cha tatu. Atoke, awatoe waliomo ndani, aache milango ya nje na madirisha wazi, na asirudi kuchukua ndoo mpaka hewa iwe safi.

Muuguzi_Pwani

Namuunga mkono mwalimu, hasa kuhusu mtoto. Klorini ikifika ndani ya mapafu huweza kuyafanya yajae maji saa kadhaa baada ya mtu kujiona amepona, kwa hiyo kutulia upeponi hakutoshi kuwa uthibitisho. Kikohozi kinachoendelea hadi usiku, kupumua kwa haraka, mbavu zinazobonyea kila anapovuta pumzi, au mluzi kifuani ni mambo ya kupimwa na daktari. Mwenye pumu awahi zaidi. Mwambie daktari waziwazi ni dawa zipi zilizochanganywa, na kama chupa ya dawa ya choo ina lebo, nenda nayo.

Sasa niseme juu ya chupa za maji, kwa sababu hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko ya gesi. Jiki ndani ya chupa ya maji ya kunywa haitofautiani kwa macho na maji. Mtoto ametoka kucheza, ana kiu, anakuta chupa iko chini ya meza ya vyombo, anagugumia. Mzee asiyeona vizuri hufanya vivyo hivyo. Kwa jiki ya kawaida iliyonywewa funda moja, mara nyingi mtoto huumia mdomo na tumbo kisha akapona. Lakini wauzaji wa rejareja hawakuambii wamepima kitu gani, na kama ni kostiki soda (magadi makali ya kutengenezea sabuni na kuzibulia sinki) iliyoyeyushwa au asidi ya vigae, umio unaungua. Baada ya wiki chache kovu linaubana, mtoto anashindwa kumeza ugali, baadaye hata uji, na anaanza safari za hospitali ya rufaa kupanuliwa njia ya chakula mara kwa mara. Huko Marekani watoto walioungua hivyo kwa magadi makali ya kusafishia walikuwa wengi kiasi kwamba daktari mmoja wa koo wa Philadelphia, Chevalier Jackson, alipigania kwa miaka mingi lebo za tahadhari, hadi sheria ikapitishwa mwaka 1927.

Akinywa, msimtapishe. Kilichounguza wakati wa kushuka kitaunguza tena wakati wa kupanda, na kinaweza kuingia kwenye mapafu. Msimpe mafuta ya kula, wala mayai mabichi, wala siki ya “kuvunja” dawa. Maziwa, ambayo karibu kila nyumba huyakimbilia, si dawa ya sumu. Kumlazimisha anywe mengi ni kumtapisha kwa njia nyingine. Msukutueni mdomo, mvueni nguo zilizolowa, mumpeleke pamoja na chupa yenyewe. Msidanganyike kwa kuona midomo haina malengelenge, kwani umio unaweza kuwa umeungua wakati mdomo ni mzima.

Ikiingia jichoni, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 hadi 30 bila kukatisha, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, ndipo mwanze safari. Dakika hizo mnazoziona ndefu ndizo zinazookoa jicho.

FundiSabuni

Mimi natengeneza sabuni, kostiki soda naishika kila wiki. Nakubaliana na waliotangulia isipokuwa pale dada muuguzi anapogusia wauzaji wa rejareja kama kwamba wote ni wababaishaji. Wapo wengi wanaopima mali halali, na si kila mpangaji ana fedha ya chupa iliyofungwa kiwandani. Tatizo liko kwenye chombo na kukosekana kwa lebo, si katika kupima. Tanzania tunayo Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo muuzaji anayeshughulika na kemikali kali si wa kumhurumia anaposhindwa hata kuandika jina la alichouza.

Kwa wanaonunua kostiki soda ya kuzibulia sinki: chembe zinatiwa ndani ya maji baridi, kidogo kidogo, mkikoroga kwa mti. Msimimine maji juu ya chembe, kwani joto hupanda ghafla na mchanganyiko hurukia usoni. Glavu ziwe za mpira mzima zenye kufika juu ya kifundo, macho yawe na miwani. Sufuria zetu hizi nyeupe za alumini zisiguse kabisa. Kostiki huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto, na jiko la mkaa likiwa karibu mtajua; tumieni ndoo nzito ya plastiki. Sinki likikataa kuzibuka baada ya kostiki, msilipige kwa pampu ya mpira, maana maji yatakayoruka yana kostiki ndani yake, wala msifuatishe asidi kwenye bomba hilo hilo. Ni afadhali kuita fundi bomba na kumwambia mapema mmetia nini.

MamaWawili

Nawashukuru sana. Nimetoka hospitali mchana huu. Mtoto amesikilizwa kifua, amepewa dawa ya kuvuta na tumeambiwa turudi kesho. Jirani amesoma majibu yenu kwenye simu yangu na sasa anauliza jambo moja: kama harufu si kipimo, atajuaje kwamba jiki imetosha?

Mwalimu_Kemia

Mwambie apime kwa chombo. Kwa sakafu na meza, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa asilimia 0.1 wakati wa UVIKO-19. Kama jiki ni ya asilimia 5, hiyo ni mililita 200 katika ndoo ya lita 10. Kama ni ya asilimia 3.5, ni karibu mililita 290. Maji yawe baridi, kwa sababu maji ya moto huiharibu dawa. Uchafu unaoonekana usuguliwe kwanza kwa sabuni na kusuuzwa, kwani jiki huishia kupambana na uchafu badala ya vijidudu. Mchanganyiko uliobaki umwagwe siku hiyo hiyo. Kesho hauna nguvu ile ile. Hapo mtagundua pia ubaya wa kupimiwa bila lebo, kwa sababu hesabu yote hii inategemea namba iliyoandikwa kwenye chupa, na jiki iliyokaa juani dukani huwa imeshapoteza sehemu ya nguvu yake.

Muuguzi_Pwani

Kwa kuwa mnaishi familia tatu, nunueni kwa pamoja dumu moja la lita 5 lililofungwa na lenye lebo, mgawane gharama. Likae juu, ndani ya kabati lenye kitasa, mbali na dawa ya choo na mbali na vyakula, wala lisigawiwe kwenye chupa ndogo za kupeleka chumbani kwa kila mtu. Chupa za maji mlizonazo sasa zimwageni moja moja chooni kwa maji mengi, mkishahakikisha hakuna dawa nyingine iliyomiminwa humo, kisha zitobolewe kabla ya kutupwa ili asije mtu akazichotea maji.